Hilo 'Duka la Mzee' ni la Nani?

Hapa Mombasa mtoto akitumwa nusu kilo ya sukari haambiwi jina lililoandikwa ubaoni. Huambiwa, "Nenda kwa Mzee." Neno duka lenyewe tumelipata kwa Waarabu, dukkan; masikio yetu yakasikia dukani, tukaikata ile -ni kama tuikatavyo katika nyumbani. Siku hizi wakubwa wamezibandika biashara hizi jina la jua kali. Jina hilo ni la mafundi waliogonga mabati Nairobi bila ya kivuli, nao wana heshima yao. Lakini bibi auzaye mahamri na mbaazi barazani kwake yu kivulini tangu alfajiri! Sheria ya mwaka 2012 nayo ilizipima biashara ndogo kwa idadi ya waajiriwa. Binti yake akandaye unga bila mshahara sijui angehesabiwa vipi.

Hata hivyo, mimi sigombani na jua kali. Ninagombana na hilo "kwa Mzee". Mzee huketi mbele na mizani. Nyuma yuko mkewe anayefunga vifuko vya bizari, yuko kijana aliyeacha shule kidato cha pili apate kushika duka, na daftari la madeni huandikwa na binti. Nani mshirika, nani mfanyakazi, nani amsaidia baba tu? Halijasemwa, na kuuliza huonekana ni utovu wa adabu.

Kisha Mzee hufariki. Jina ni lake, leseni ni yake, basi kwa Kadhi duka zima huingia katika mirathi. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, binti nusu ya fungu la mvulana, na yule kijana aliyelisimamia miaka ishirini hulingana na nduguye aliyekuwa Jidda. Mafungu hayo ni ya Qurani, hayana ubishi. Lakini haki ya mshirika hutolewa kabla ya mirathi, iwapo ushahidi upo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Twaitii kwa jirani aliyekopa mkate; daftari limejaa hadi jaladani. Mke na wana hawamo humo hata mstari mmoja. Na Mzee angali hai, kalamu i sikioni mwake, na mashahidi wawili wako pale pale barazani wakinywa kahawa.