Sheria na Raia: Rufani ya Kupunguziwa Kifungo

Mkulima wa chai wa Bomet aliyepokea bonasi yake, akavamiwa njiani na vijana wawili na kunyang'anywa fedha, haoni sababu ya watu hao kupunguziwa hata siku moja. Jamaa za vijana hao nao huuza ng'ombe ili wapate wakili, wakitumaini kuwa rufani itawarudisha nyumbani upesi. Yawapasa wote kujua sheria isemavyo.

Wengi hudhani ya kuwa unyang'anyi mkubwa ni ule wa bunduki tu. Sivyo. Kwa kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, yatosha mnyang'anyi awe na silaha ya hatari, kama panga au rungu, au awe na mwenziwe, au ampige mtu. Hivyo vijana wawili wasio na hata fimbo wamo. Adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Unyang'anyi usio na mambo hayo hauzidi miaka 14.

Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa adhabu ya kifo. Wanyang'anyi wengi wakarudi kortini, wakapewa miaka badala ya kitanzi. Lakini Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Basi mtu aliyepewa miaka 20 kwa kifungu hicho, akilalamika kuwa ni mingi, upande wa mashtaka waweza kuomba aongezewe. Nayo Mahakama Kuu, iwe ya Kericho au ya Bomet, ina uwezo huo. Desturi ni kumwonya kwanza, na wapo waliofuta rufani zao papo hapo.

Rufani hutakiwa katika siku 14 tangu hukumu. Asiye na wakili humkabidhi mkuu wa gereza hati yake, naye huipeleka. Jaji hatazami huruma tu. Hutazama kama hakimu alikosea sheria, alisahau jambo kubwa, au alizidisha mno. Linalosahauliwa mara nyingi ni siku za rumande, ambazo kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai chataka zihesabiwe. Aliyengoja kesi rumande miaka 2, kisha akafungwa miaka 10 kuanzia siku ya hukumu, ana hoja kuliko machozi yote ya jamaa zake. Na aitoe mapema, kwa maana katika Mahakama ya Rufani malalamiko ya ukali wa kifungo peke yake hayasikilizwi tena.