Bia Nyeusi ya Ujerumani Kwenye Meza Yetu



Juma lililopita tuliwaahidi maneno ya samaki ya kukausha. Samaki itangoja. Siku ya Posho tulikuwa na mukutano wa kasa, na kwenye meza kulikuwa chupa sita za bia nyeusi ya Ujerumani, na wamama watatu kati yetu karibu wagombane. Habari imekwisha kufika sokoni, na imefika vibaya. Hivi tunaiandika sisi wenyewe.

Ilianza hivi. Mama mumoja wetu, mwenye buvette ndogo kando ya njia, iko na kijana mwenye kutumika Leipzig. Kijana alikuja likizo, na ndani ya valise yake, katikati ya masoksi na makoti, alileta chupa sita za 33 cl. Ni bia ya kiwanda kidogo cha kule, cha watu wachache wenye kupika kidogo-kidogo. Jina lake hatuliandike, juu ukurasa huu haiko wa matangazo. Mama alionja chupa moja nyumbani pamoja na kijana wake, akaipenda, akafanya hesabu usiku mzima. Siku ya Posho akasimama mbele yetu, akaomba kasa imukopeshe dola 400 ili kijana amutumie bia hiyo, yeye aiuzishe kwa watu wa mine wenye pesa. Chupa tano zilibaki, na ile ya sita, tupu, aliileta pia, tuone karatasi yake.

Dola 400 ni zaidi ya nusu ya pesa ile tuko nayo. Ni minerval ya watoto, ni sanduku la mutu kama kilio kinaingia. Mama wa kasa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema: "Mbele ya kukopesha pesa juu ya kitu, tukionje kwanza." Mama wa kasa mwenyewe hajanywa pombe tangu abatizwe.

Tulikuwa kumi na mumoja. Wane hawanywe juu ya imani yao, na mumoja iko na mimba ya miezi sita. Huyo hata tone hatukumupatia, na wala hakuomba. Lakini kuangalia na kunusa hakuna mutu mwenye anakataza, hivi wote walikaa kwenye meza, kila mumoja na kilauri chake. Vilauri tulivisuuza mara mbili na maji matupu, juu sabuni kidogo yenye inabaki ndani inaua povu, na mafuta ya mukono vilevile.

Kijana alikuwa na karatasi ndani ya telefone yake, ile ya waamuzi wa bia wa Marekani wenye wanaitwa BJCP. Wanagawa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, namna bia inakaa kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Tulishangaa kidogo. Sura alama 3 tu? Sisi wenye tunanunua tomati kwa macho! Lakini tulikubali sheria ya wenye kazi.

Chupa ya kwanza ilikuwa aibu. Mama wa buvette alikuwa ameiweka siku tano kwenye dirisha, watu wapite waione, na jua la mangaribi linapiga pale sawasawa. Tulipofungua, harufu ilipanda kama kitunguu saumu kilichooza kikichanganyika na nywele ya kuungua. Mumoja wetu akasema pale pale, "Njo hii ya dola 400?" Tunajua kama neno hilo liliumiza, na mwenye alilisema ameomba tuandike kama anajuta. Kijana ndiye alieleza. Bia iko na uchungu wake kutoka kwa maua ya hopu, yale Wafaransa wanaita houblon. Mwangaza wa jua ukiingia ndani ya chupa, unavunja ile kitu ya uchungu, na inashikana na salfa yenye iko ndani ya bia, inazaa harufu mubaya. Chupa ya rangi ya kahawia inakinga sana, ya kijani inakinga kidogo tu, na nyeupe haikinge kitu. Hii ilikuwa ya kijani. Na kadiri bia iko na hopu mingi, kadiri iko na kitu ya kuharibika.

Tuliimwanga inje, na mama wa buvette aliangalia ukuta.

Chupa ya pili ilitoka ndani ya karto, chini ya kitanda. Kuran ilikuwa imekatika tangu asubui, hivi tuliitia ndani ya ndoo ya maji na kitambaa chenye kuloana juu yake. Kijana aliogopa kama itakuwa moto. Kule wanaikunywa kwenye digri 8 mupaka 10, na yetu ilipita hapo, hata bila kupima. Lakini kusema kweli hiyo ilitusaidia. Bia ya baridi kali inafunga ulimi, hauwezi kujua kama ni muzuri ao mubaya. Wenye kuuzisha bia mubaya wanajua hiyo.

Ndani ya kilauri ilikuwa nyeusi kama kawa. Tulipoinua kwenye dirisha, pembeni ilionekana nyekundu, safi, hata ungeweza kuona kidole upande ule. Povu ilikuwa ya rangi ya kawa na maziwa, na ilibaki wakati murefu. Tulipatia sura 3 zote.

Kwa harufu, mama wa kasa alitushinda wote. Yeye anauzisha kawa sokoni, anakaanga mwenyewe kwenye mbabula, pua yake imejifunza. Alinusa, akafunga macho, akasema: "Ngozi ya mukate wenye umeshika moto kidogo. Kisha kawa, lakini kawa ya kukaanga pole, haikuungua. Na juu yake kuko majani mabichi yenye kuvunjwa na mukono, na pilipili kidogo." Sisi wenye kunywa tulikuwa tumeandika tu "harufu ya bia".

Yale majani na pilipili njo hopu. Hopu ya Ujerumani inalimwa sana Hallertau, katika Bavaria, na ile ya zamani ya kule inanuka maua na majani, haiko sawa ile ya Marekani yenye inanuka machungwa na maembe. Kwa kawaida bia nyeusi ya Ujerumani, ile wanaita Schwarzbier, iko na hopu ya kadiri. Kiwanda hiki kidogo kiliongeza, na hapo njo kuliingia ubishi wetu.

Ladha inaanza na mukate na shokola isiyo na sukari, nyepesi, inapita mbio. Kisha uchungu unakuja, haukuje mbele, unakuja nyuma, na unabaki. Wamama wawili walisema ni kinini. Mumoja alisema ni kinini lakini anataka tena. Wenye tulizoea Tembo ya Brasimba tulitafuta ule utamu wa Tembo, hatukuupata. Tembo ni nyeusi na inakuzunguka kinywa. Doppel vilevile, hata kama jina lake linabeba muji wa Munich. Hii ya Leipzig ni nyeusi kwa macho, na kwa ulimi ni nyepesi. Ukifunga macho unaweza kusema ni bia nyeupe yenye ilipita karibu na moto.

Hapa tusimame kidogo, juu iko maneno ya kusema kati yetu. Wengi kwetu wanasema bia nyeusi ni bia ya nguvu, inaleta damu, inaongeza maziwa ya mama. Karatasi ya chupa iliandika pombe 5,2 kwa mia, haipite bia nyeupe sana. Weusi unatoka kwa shayiri yenye ilikaangwa, na kidogo tu ya hiyo inatosha kubadilisha pipu zima, sawa vile kijiko cha kawa kinabadilisha maziwa. Haiko damu, haiko chuma. Na mama mwenye kunyonyesha ajue kama pombe inaingia ndani ya maziwa, ikuwe ya bia nyeusi ao nyeupe. Mama mwenye mimba alisema mama-mukwe wake anamuwekea chupa moja kila siku ya Yenga, "juu ya mutoto". Tulimupatia ruhusa ya kuonyesha mama-mukwe huu ukurasa.

Kijana alituambia pia habari ya kupika, na hapo wenye kupika munkoyo waliinua vichwa. Shayiri inaoteshwa mupaka inatoa mizizi, kisha inakaushwa, juu mbegu yenye kuota iko na nguvu ya kugeuza unga kuwa sukari. Wenye kupika kibuku wanajua hiyo. Na ninyi wa munkoyo munajua kama muzizi wenu ukiingia ndani ya uji muzito wa mahindi, uji unalegea na kuwa tamu. Ni kazi ileile, kwa njia ingine. Tofauti kubwa ni baridi. Chachu ya bia hii inatumika kwenye digri 8 mupaka 12, pole-pole, kisha bia inalala majuma mengi karibu na digri 0. Neno lager linatoka kwa neno la Kijerumani la kuweka akiba. Zamani waliiweka ndani ya mapango, na barafu ya muto. Sisi na joto letu munkoyo inatungoja siku mbili, ya tatu imekwisha kubadilika.

Na hopu ilitumika kulinda bia isioze. Mwenye aliandika hiyo zamani sana alikuwa mwanamuke: Hildegard wa Bingen, mukubwa wa watawa, katika miaka ya 1100. Sheria ile ya Bavaria ya 1516, yenye inasema bia ni maji, shayiri na hopu tu, ilikuja miaka mia tatu na zaidi kisha yeye. Habari hii ilipendwa sana kwenye meza, kupita bia.

Chupa ya tatu ilikuwa na harufu kidogo ya mahindi ya kuchemsha. Kijana alikunja uso, akasema hiyo ni kosa katika bia ya namna hii, waamuzi wanaondoa alama. Mama mumoja akamuuliza, "Mahindi ya kuchemsha ni kosa tangu lini?" Tulicheka mupaka jirani akakuja kuangalia. Tuliondoa alama mbili, lakini kwa huzuni.

Hesabu ya mwisho: mwenye alipatia kidogo alipatia 33, mwenye alipatia mingi 43. Katikati ni 38. Ni bia muzuri. Imepikwa na mutu mwenye anajua kazi yake. Uchungu umepita kidogo mukate, hiyo njo hukumu yetu, na kama angeupunguza kidogo tungempatia 42 sisi wote. Ukipata mutu wa kukuletea chupa moja, kunywa na nyama ya mbuzi ya kuchoma, utakumbuka.

Lakini mukopo haukuulizwa na alama. Kule dukani kijana alilipa euro 2,50 kwa chupa moja ndogo. Ongeza ndege, juu chupa ni nzito. Ongeza duane. Ongeza zile zenye zitavunjika. Mama wa kasa aliandika yote kwenye kitabu, na chupa ya 33 cl ilifika dola 8 mbele mama hajapata faida hata ya franga moja. Na frigo yenye kuran inaiacha kila siku. Na dirisha. Tulipiga kura, mama wa buvette inje: watatu ndiyo, saba hapana. Wawili kati ya saba walikuwa wale wenye walipatia bia zaidi ya 40.

Mama wa buvette aliondoka bila kuaga. Hatufiche hiyo. Ni mwanamemba wa tangu mwanzo, alituzikia watu, na kumukatalia mbele ya kijana wake haikuwa kitu kidogo. Usiku ule wengine wetu hatukulala vizuri.

Siku ya tatu alirudia. Hakusalimia sana, alikaa, akasema hivi: kwenye buvette yake kazie za bia zinasimama inje tangu saa tano mupaka mangaribi, juani, kwa miaka ine, na wateja wanalalamika kama bia yake haiko sawa ya jirani, naye alifikiri ni wivu. Sasa amezivuta zote ndani ya chumba cha kulala, na bwana wake analala na kazie kwenye miguu. Anaomba dola 120 za mabati na mbao, kwa kujenga kivuli upande wa mangaribi. Atarudisha kwa miezi ine.

Ombi hilo litasomwa siku ya Posho yenye inakuja, saa nane, na wanamemba wote wafike. Chupa mbili zilibaki. Moja kijana alirudia nayo kwa mama yake. Ya pili iko ndani ya karto, chini ya kitanda cha mama wa kasa, pahali pekee tunajua kama hakuna mutu atakayeifungua.