Mgeni wa Taaluma Naye Apewe Jembe

 

Ndugu Waislamu, kila mwaka inapofika Julai na Agosti, na tena mwishoni mwa Desemba, miji yetu ya pwani hupokea wageni ambao si watalii. Ni watoto wetu wenyewe waliokwenda mbali: daktari anayefanya kazi Uingereza, mhandisi aliyeajiriwa Muscat, muuguzi wa Toronto, mhasibu wa Dubai. Huja kuwaona wazee, kuhudhuria harusi, kumalizia nyumba iliyobaki kuezekwa. Wapo pia wataalamu wa mataifa mengine, wanaojitolea katika hospitali na shule zetu kwa wiki tatu au miezi mitatu. Wote hao tunawakirimu kwa wali na kuku, tunawasindikiza mpaka uwanja wa ndege, na elimu waliyokuja nayo inaondoka nao bila kuguswa.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye taaluma jembe lake ni kukaa na kijana anayehitaji mtu wa kumwonesha njia.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la anasa. Mwanafunzi wa kidato cha nne katika Tanzania hutakiwa kuchagua tahasusi atakayosoma kidato cha tano, na uchaguzi huo ndio unaoamua milango ipi ya chuo kikuu itabaki wazi kwake. Mwezi Machi 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, zikiwamo za elimu ya dini. Uwanja umepanuka, lakini kijana asiye na wa kumshauri huweza kupotea zaidi katika uwanja mpana kuliko katika kichochoro. Aliyeziacha Fizikia na Kemia kwa sababu tu rafiki zake wameziacha, amekwisha kujifungia mlango wa udaktari kabla hajaota ndevu, na hakuna aliyemwambia. Mzazi hakumwambia kwa kuwa naye hajui. Mwalimu ana darasa lililofurika. Yuko binti anayesema anataka kuwa daktari kwa kuwa ndiyo kazi pekee ya hospitali aliyoisikia ikitajwa kwa heshima nyumbani. Hajapata kusikia habari za mfamasia, mtaalamu wa maabara, mtaalamu wa mionzi, wala mhandisi anayetengeneza mashine zinapoharibika. Saa moja na mtu anayeifanya kazi hiyo ingemfungulia macho.

Fikra ya kuwatumia wataalamu walioko ng'ambo si ngeni. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, ulianzisha mpango wa namna hiyo Uturuki mwaka 1977, unaojulikana kwa jina la TOKTEN, ambapo wazalendo waishio nje hurudi kwa muda mfupi na kujitolea ujuzi wao nyumbani. Nchi nyingi ziliufuata. Hapa kwetu, mwaka 2007 walimu wa udaktari kutoka Cuba walianza kuwasomesha vijana wa Zanzibar hapa hapa Unguja, na kundi la kwanza likahitimu mwaka 2013. Miaka sita! Tunaitaja hesabu hiyo kwa makusudi, maana wapo wanaodhani kwamba hotuba moja ukumbini, soda na picha ya pamoja vimekwisha kumlea mtu.

Ni kweli kwamba mgeni wa wiki tatu hawezi kukaa miaka sita. Lakini turejee katika sira. Baada ya Ahadi ya kwanza ya Aqaba, mwaka 621, Mtume (S.A.W.) alimtuma Mus'ab bin Umayr (R.A.) kwenda Yathrib, mji uliokuja kuitwa Madina, awafundishe watu dini yao. Mus'ab alikuwa kijana na alikuwa mgeni. Alifikia kwa As'ad bin Zurara (R.A.), na mara nyingi simulizi hii inapoelezwa misikitini, huyu As'ad hupitwa haraka. Ndiye aliyempa mgeni mahali pa kulala, akafuatana naye katika mabustani walikokusanyika watu, na alipotokea Usayd bin Hudhayr kwa hasira na mkuki mkononi, As'ad ndiye aliyemnong'oneza mgeni wake kuwa huyu ajaye ni mkubwa wa watu wake. Elimu ilikuwa ya Mus'ab. Kuujua mji na watu wake kulikuwa kwa As'ad. Msimu uliofuata wa Hija walikuja Aqaba wanaume 73 na wanawake wawili.

Sisi kina Mus'ab tunao, tena kila msimu. Tuliopungukiwa nao ni kina As'ad. Mtaalamu anashuka uwanja wa ndege akiwa na nia njema, lakini hajui amwone nani, shule ipi inamhitaji, watoto gani wamekwama. Siku zinakwisha katika ziara za jamaa. Mwenyeji wa kazi hii anaweza kuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa madrasa, au kamati ya msikiti ambayo kwa sasa hukutana tu bomba la maji ya udhu linapopasuka. Kazi yake ni kuwachagua vijana wachache, tuseme watano kwa mgeni mmoja, kwa kuangalia haja na si ujamaa. Kuwaandaa na maswali yao kabla mgeni hajafika. Kisha, mgeni akishaondoka, kuwakusanya kila mwezi mbele ya simu moja wazungumze naye nusu saa: umeisoma ile sura ya Hisabati, umeandika barua ya maombi, matokeo ya mtihani yamekuwaje. Hayo mazungumzo ya baadaye ndiyo malezi yenyewe. Yale ya kwanza yalikuwa ni kujuana tu.

Wazazi wana hofu zao, na nyingine ni za haki. Mtoto hakabidhiwi mtu kwa sababu tu ana shahada na anatoka mbali. Vikao viwe shuleni au madrasa, mlango wazi, mwalimu akiwepo; si hotelini, wala si nyumbani kwa mgeni. Wasichana wakae na wanataaluma wanawake, na hao wapo wengi kuliko tunavyodhani, ila hatuwaulizi. Mawasiliano ya simu yapitie kwa mwalimu na mzazi ayaone. Mgeni naye asitoe ahadi ya kumchukua kijana Ulaya. Ahadi ya namna hiyo imewafanya vijana wetu waache vitabu na kukaa wakiingojea simu.

Ipo hofu nyingine ambayo hatuikubali, ya wanaosema mtaalamu asiye Mwislamu asikaribie watoto wetu hata kwa somo la Kemia. Baada ya Badr, mateka wa Makka wasiokuwa na fidia waliachiwa kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Walikuwa maadui waliotoka vitani, na bado kalamu yao ilinufaisha. Dini ya mtoto inalindwa na nyumba yake na chuo chake, na hilo likitetereka si mwalimu wa Kemia wa kulaumiwa.

Na tuseme ukweli juu ya tabia zetu pia. Ndugu anapotua kutoka ng'ambo, la kwanza tunalomwomba ni simu, viatu na ada ya muhula. Anatoa mara moja, mara ya pili, ya tatu anaanza kuficha tarehe ya kuja kwake. Tungemwomba saa nne za wiki yake pamoja na wanafunzi watano, wengi wao wangeona wamepewa heshima.

Wageni wa Desemba huwaarifu jamaa zao mapema. Kamati ya msikiti inayotaka kuanza ifungue daftari, iandike jina la mgeni, kazi yake, siku ya kufika na siku ya kuondoka, na mstari wa chini yake majina ya vijana watano na simu za wazazi wao.