Mpira Pia Wataka Elimu

Wako wanafunzi wenzangu wasemao kwamba mtu aliyejaliwa miguu mizuri hana haja ya kuhangaika na madaftari. Na wako wazazi wasemao kwamba mpira ni kazi ya watoro, na mtoto aendaye kiwanjani jioni amekwisha potea. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: wote hudhani mpira huchezwa kwa miguu tu. Nitatoa mfano wa mtu mmoja ambaye sisi Watanzania twamfahamu, Emmanuel Amuneke wa Nigeria.

Mwaka 1994 ulikuwa mwaka wake. Mwezi wa Aprili, mjini Tunis, Nigeria iliifunga Zambia 2–1 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na mabao yote mawili ya Nigeria aliyafunga yeye. Mwezi wa Juni, katika Kombe la Dunia huko Marekani, Nigeria iliishinda Bulgaria 3–0, na bao la tatu likawa lake. Mwaka huo akachaguliwa kuwa Mchezaji Bora wa Afrika. Mwaka 1996, katika fainali ya Michezo ya Olimpiki, ndiye aliyefunga bao lililoipa Nigeria ushindi wa 3–2 juu ya Argentina na medali ya dhahabu. Kisha akachukuliwa na Barcelona ya Hispania.

Hapo, wasomaji wapenzi, ndipo pa kufikiri. Akiwa Barcelona aliumia goti. Kombe la Dunia la 1998 likachezwa bila yeye, na mwaka 2000 akaondoka katika timu hiyo. Miguu ile iliyosifiwa Afrika nzima ilikuwa haiwezi tena kumbeba kama zamani. Kama mali yake yote ingalikuwa miguuni, habari zake zingaliishia hapo.

Lakini hazikuishia hapo. Aliingia katika kazi ya kufundisha. Mwaka 2015 aliongoza timu ya Nigeria ya vijana walio chini ya miaka 17 kule Chile, wakatwaa Kombe la Dunia kwa kuifunga Mali 2–0. Katika vijana wake alikuwamo Victor Osimhen, aliyefunga mabao 10 katika mashindano hayo.

Mwezi wa Agosti 2018 akapewa Taifa Stars. Haikuwa kazi nyepesi. Novemba tulifungwa 1–0 na Lesotho, na watu wengi wakakata tamaa. Lakini tarehe 24 Machi 2019, Dar es Salaam, tuliifunga Uganda 3–0, tukaingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miaka 39! Huko Misri tulishindwa na Senegal, Kenya na Algeria, na mwezi wa Julai kazi yake kwetu ikakoma. Wale waliomshangilia mwezi wa Machi ndio waliomlaumu mwezi wa Julai. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi ya ualimu, na hata walimu wetu wa darasani waijua wakati matokeo ya mtihani yanapotoka.

Najua utasema, "Huyo ni Amuneke, sisi ni watoto wa Kishapu." Sawa. Mwaka jana nilikuwa nikicheza katika timu ya kidato chetu. Ilikuwa kiangazi, na udongo wetu mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka. Mguu wangu uliingia katika ufa, goti likajipinda, nami nikakaa nje muhula mzima. Siku za kwanza nililia. Ndipo mwalimu wa michezo akanipa daftari na kalamu, akaniambia niandike kila mpira tunaopoteza na mahali tunapoupotezea. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimeona mambo ambayo sikuyaona kwa miaka mitatu nikikimbia.

Basi maoni yangu ni haya. Kila kidato kichague wanafunzi wawili, wavulana kwa wasichana, wafundishwe sheria za mpira, huduma ya kwanza na namna ya kuongoza mazoezi. Wasichaguliwe kwa mbio zao, bali kwa bidii yao, na atorokaye masomo asipewe filimbi. Wilaya yetu imepata kuwa na timu katika Ligi Kuu, yaani Mwadui FC, kuanzia msimu wa 2015/16 mpaka iliposhuka mwaka 2021. Wanaoingia uwanjani ni kumi na mmoja tu, lakini timu huhitaji pia mwalimu, mwamuzi, mganga na mtunza fedha. Kazi hizo zote zataka mtu ajuaye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Wazazi, msituzuie kucheza, ila tuulizeni tumejifunza nini huko kiwanjani. Nanyi wachezaji wenzangu, goti halitoi taarifa kabla ya kuumia. Siku litakapoumia, uwe na kitu kingine cha kusimamia.