Bachmann wa Mbozi
Msafiri aipitaye Nanyala kuelekea Tunduma, akaiingia nchi ya kahawa ya Mbozi, ni nadra kumkumbuka Traugott Bachmann, Mjerumani wa Kanisa la Moravian aliyeasisi misheni ya Mbozi mwaka 1899, na ambaye, baada ya kujifunza Kinyiha hata akalifasiri Agano Jipya kwa lugha hiyo, alikiri kwamba wanafunzi wake nao walikuwa na elimu ya kumpa mwalimu. Lililowaudhi baadhi ya wenziwe, nami naliona ndilo sharafu yake, ni kukataa kumlazimisha mume wa mitala awataliki wakeze ndipo abatizwe. Kwani mke aliyefukuzwa kwa jina la dini, na wanawe mkononi, angekwenda wapi? Vita vya Wazungu vilimwondoa huko mwaka 1916; Wanyiha, wenye nchi tangu kabla yake, walibaki.