Picha Safi, Mgongo Bado Unauma

Hapa Kalangalala kijana akilalamikia mgongo jibu liko tayari: ni viroba vya mawe ya machimboni. Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu ya kazi hutulia mtu akipumzika. Yapo mengine ya kinyume: humwamsha usiku wa manane, asubuhi mgongo umekakamaa kama ubao, akitembeatembea hulegea. Yakizidi miezi 3 kwa mtu wa chini ya miaka 45, huenda ni baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Hapo eksirei hutudanganya, au tuseme tunajidanganya nayo. Huonyesha mfupa ulioliwa na pingili zilizoungana, madhara ambayo huchukua miaka kuonekana. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku, huona uvimbe ungali mbichi, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Basi picha safi isimfanye mama amwite mwanawe mvivu. Arudi kwa daktari, aulizie rufaa ya Bugando, Mwanza. Gharama naijua; watu huuza mbuzi. Heri kuuza mara moja kwa kipimo kinachofaa kuliko kurudia eksirei ileile kila mwezi. Hata kwa aliyekwisha kugundulika, kuirudia kabla ya miaka 2 kwa kawaida hakuonyeshi jipya.

Pakiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu upesi. Nacho hula pingili, vumbi la machimboni hukikaribisha, na kikiachwa huweza kupoozesha miguu.