Maji Yenyewe Ndiyo Yachague Vifaa vya Kamera

Katika maduka ya Nairobi, na kwa wachuuzi wa mtandaoni ambao hutuma vifurushi hadi Homa Bay na Migori kwa basi la usiku, huuzwa mfuko mweusi wenye zipu uliojazwa vikorokoro hamsini vya kamera ndogo: mkanda wa kifuani na wa kichwani, kibano cha usukani wa baiskeli, kinyonyaji cha kushika kioo cha gari, kijiti cha kujipigia picha, mpini wa manjano unaoelea, na parafujo za plastiki zisizo na idadi. Mtu akiutazama mfuko huo umefunguliwa juu ya meza ya duka, kila kitu kimelala katika shimo lake la sponji, moyo humshawishi kwamba amepata mali nyingi kwa fedha kidogo. Walakini mzamiaji wa Mbita au wa Muhuru akiteremka nao katika Ziwa Viktoria, atang'amua kabla mtungi wake wa hewa haujafika nusu kwamba katika vitu hamsini alivyovinunua ni viwili au vitatu tu vyenye kazi, na vile alivyovihitaji kwa dhati havimo.

Hoja ninayoileta mbele ya wasomaji ni kwamba vifaa vya kamera ya kuzamia huchaguliwa na maji, wala havichaguliwi na tangazo. Na kwa kuwa kamera hizi, ambazo wengi huziita GoPro hata zikiwa za kampuni nyingine, katika kaunti zetu mbili za Homa Bay na Migori zitawafaa zaidi wafugaji wa samaki, vikundi vya usimamizi wa fuo na idara zenye dhima ya uokoaji kuliko watalii, israfu katika ununuzi wake haiwi hasara ya mtu mmoja, bali ni hasara ya umma.

Pengine atatokea mtu akauliza ni nani hasa azamaye katika ziwa hili akiwa na mtungi mgongoni. Wa kwanza ni mzamiaji wa vizimba. Ufugaji wa ngege katika vizimba vya nyavu umeenea mno katika maji ya Homa Bay tangu mwongo uliopita, na kila mwenye kizimba ajua kwamba tundu moja lililotobolewa na fisi-maji, likikaa usiku kucha bila kugunduliwa, laweza kumpotezea mavuno aliyoyalisha kwa miezi sita au zaidi. Kwa hiyo hapana budi wavu ukaguliwe chini ya maji, na mwenye mali aliyebaki juu ya mashua hana njia ya kuona alichokiona mzamiaji ila kwa picha. Wa pili ni mzamiaji wa dhiki, aitwaye chombo kinapozama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, wakafariki watu zaidi ya 220. Na siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa mhandisi mmoja akiwa hai, aliyekuwa amepata hifadhi mahali palipobaki hewa ndani ya chombo. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba, gari lilitumbukia kutoka kivuko cha Likoni huko Mombasa likiwa na mama na mtoto wake, wala halikutolewa hadi tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Baada ya misiba kama hiyo, hakuna mwenye insafu awezaye kusema kwamba jicho la chini ya maji ni kitu cha anasa.

Sasa tuyatazame maji. Matangazo ya vifaa hivi hupigwa katika bahari zenye matumbawe, ambako mzamiaji humwona mwenzake aliye mbali. Na hata katika nchi yetu, mtu azamaye Watamu, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1968, au Kisite kusini mwa Shimoni, huweza kuyapata maji kama hayo wakati wa kaskazi. Ghuba ya Winam katika ziwa letu ni dunia nyingine. Maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mwani, mito huyamwagia udongo wa mashamba ya juu, na gugumaji hufunika gati ya Homa Bay kila upepo upendapo. Upande wa Migori, mto Kuja ukifurika Nyatike hushusha tope lake ziwani na kuyageuza maji ya mwambao kuwa rangi ya chai. Maji ni mazuri zaidi kuelekea Mfangano na ziwa kuu, na watu wa Mbita wametaraji mengi tangu tuta lililojengwa katika miaka ya 1980 kuziba mlango wa Rusinga lilipopewa daraja mwaka 2017, mkondo ukapata njia tena. Hata hivyo, papo mahali pengi katika ghuba ambapo mzamiaji akinyoosha mkono wake haoni vidole vyake.

Katika maji ya namna hii, kitu cha kwanza cha kuachwa dukani ni kioo chekundu cha kuchuja rangi, ambacho wauzaji hukisifu kuliko vyote. Kioo hicho kina hikima yake baharini, kwani maji safi ya chumvi hula nuru nyekundu katika mita chache za mwanzo na kuacha samawati, nacho kioo huizuia samawati ile ili rangi zirudi katika mizani. Ziwani, mwani na taka zilizoyeyuka zimekwisha kuila samawati yenyewe, na nuru iliyobaki ni ya kijani na manjano, tena ni haba. Kuweka kioo chekundu mbele ya kamera ambayo jicho lake ni dogo kuliko ukucha ni kumpokonya maskini senti yake ya mwisho. Wapo watumiao kioo cha zambarau kwa maji ya kijani, nao hawakosei palipo na jua na kina kifupi, lakini katika kazi ya vizimba na ya uokoaji rangi nzuri ni jambo la mwisho kufikiriwa.

Kinachostahili fedha ni taa, na zaidi ya taa, mikono ya kuishikilia. Mnunuzi asiye na maarifa hununua kurunzi moja yenye nguvu nyingi akaifunga juu ya kamera, ikawa kama dereva anayewasha taa kali katika ukungu wa milima ya Kisii: kila chembe ya tope iliyo mbele ya kioo humrudishia nuru machoni, asione ila weupe. Dawa yake ni taa mbili za nguvu ya wastani, zenye mwanga mpana, zilizowekwa kulia na kushoto juu ya vyuma viwili vinavyojikunja, mbali na kamera kwa kadiri ya dhiraa moja, na kuelekezwa kwa pembeni ili chembe zilizo karibu na kioo zibaki gizani na kile kitazamwacho kipate nuru. Bei ya taa hizo na vyuma vyake yaweza kuzidi bei ya ule mfuko wote wa vitu hamsini, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Lipo jambo jingine ambalo matangazo hayalitaji, ingawa kwetu ndilo kiini. Ili kuona katika maji machafu ni lazima usogee karibu mno. Lakini kamera nyingi za jamii hii zimetengenezwa zisihitaji kulenga, na kitu kilicho karibu kuliko sentimita 30 hivi mbele yake huonekana kimefifia. Basi mzamiaji wa kizimba yumo baina ya dhiki mbili: akikaa mbali tope linamfichia tundu, akisogea kamera inampotezea. Kinachomtoa hapo ni lenzi ndogo ya kukaribisha, inayopachikwa mbele ya kasha, ambayo huiwezesha kamera kusoma uzi mmoja mmoja wa wavu kwa umbali wa shibiri. Na palipo na tope la kupindukia, kuna hila ya wazamiaji wa kazi, wale wakaguao nguzo za madaraja na matumbo ya meli: hutengeneza sanduku la plastiki angavu, wakalijaza maji safi, wakaliweka baina ya kamera na kitu, uso wake ukigusa kitu chenyewe, hivi kwamba nuru haipiti tena katika tope bali katika maji ya kunywa. Sanduku hilo haliuzwi katika mfuko wowote. Fundi wa jua kali mjini Homa Bay aliyezoea kukata na kugandisha vioo vya plastiki aweza kulitengeneza kwa kipimo cha kasha, na sidhani kwamba ipo fedha ya kaunti iliyotumika vyema kuliko itakayompa fundi huyo kazi.

Kuhusu kasha lenyewe, nitasema machache. Kamera nyingi za leo zahimili mita 10 bila kasha, nalo kasha zuri hufika mita 60. Na kwa kuwa kina kikubwa kabisa cha ziwa lote ni kama mita 80, na sehemu kubwa ya ghuba ni kina kifupi mno, mzamiaji wetu hana haja ya kasha la kina cha ajabu. Haja yake ni pete ya mpira iliyo safi. Unywele mmoja au chembe ya mchanga wa ufuoni ikilala juu ya pete hiyo hufungua njia ya maji, na kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa angahewa moja nzima. Kwa hiyo zinunuliwe pete za akiba, zifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, zisipakwe vaselini wala mafuta asiyoyaruhusu mtengenezaji, na kabla ya kazi kasha litumbukizwe tupu likiwa na karatasi ya shashi ndani yake: karatasi ikitoka kavu, kamera iingie. Pakiti ndogo za kunyonya unyevu ziwemo pia, maana kamera hupata moto ikifanya kazi, na maji ya chini huugandisha mvuke juu ya kioo.

Tukija kwenye kamba ya kuishikiza kamera mwilini, historia inatufundisha. Nick Woodman, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya GoPro, alianza na mkanda wa kuifunga kamera katika kifundo cha mkono wa mtu achezaye na mawimbi, na kamera yake ya kwanza, iliyotumia filamu ya milimita 35, ikaja sokoni mwaka 2004. Mkanda ulitangulia, kamera ikafuata, na tartibu hiyo ingali sahihi. Kamera iliyoponyoka Watamu huonekana juu ya mchanga mweupe. Iliyoponyoka Karungu imekwenda na tope. Mpini unaoelea haumtoshi mtu kwa amana, kwani maji yasiyo na chumvi hubeba mzigo pungufu kwa karibu asilimia mbili na nusu kuliko ya bahari, na mpini uliopimwa baharini huweza kuzama hapa pamoja na taa zake. Ajaribu kwanza katika karai la maji ya ziwa. Kamba nayo iwe fupi, yenye kibano kinachofunguka kwa mkono mmoja, ikae karibu na kifua. Ziwa hili limejaa nyavu zilizotupwa na zilizopotea, na kila kinachoning'inia mwilini mwa mzamiaji, kuanzia kijiti kirefu hadi mkanda wa kichwani, ni ndoana inayougojea wavu.

Wapo watakaosema kwamba kaunti zenye uhaba wa dawa hospitalini hazina wasaa wa kufikiri juu ya kamera. Hoja hiyo ni nzito, nami siipuuzi. Ila huo ndio udhia wa mfuko wa vitu hamsini, kwamba huzila fedha chache zilizopo na kuacha haja pale pale. Aidha, kifaa chochote kisitangulizwe mbele ya uhai wa anayekibeba. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali majedwali ya kawaida ya kuzamia huhitaji kurekebishwa yakivuka mita 300. Na mzamiaji akipanda gari kutoka Homa Bay kwenda Kisii mara tu atokapo majini, amepanda zaidi ya mita 500 nyingine huku naitrojeni ingali imejaa damuni mwake. Mafunzo ya jambo hilo yanunuliwe kabla ya taa.

Fauka ya hayo, kamera ya uokoaji iwe na sharti la murua. Kadi ya kumbukumbu iliyorekodi maiti ikabidhiwe kwa afisa anayehusika, mbele ya mtu wa ukoo, wala isipite kwanza katika simu za watu ufuoni. Sharti hilo liandikwe katika mkataba ule ule wa ununuzi, kwa sababu baada ya picha kusambaa hakuna amri iwezayo kuirudisha.

Basi zabuni ikitangazwa Homa Bay au Migori, na itaje taa mbili na vyuma vyake, lenzi ya kukaribisha, pete za akiba, kamba fupi na sanduku la maji safi, ikomee hapo. Na afisa wa ununuzi atakayetaka kujua kama orodha yake ni sawa asimwulize mwuzaji. Ampelekee mzamiaji, ampe kamera moja na saa moja ya maji ya Mbita, kisha afute katika orodha kila kitu ambacho mzamiaji hakukigusa.